Mama, Samaki wa Nyamkele Wamekufa

Mama mpendwa,

Tangu ile asubuhi ya kijitoni nimekuwa nikizungumza na wewe jikoni peke yangu, mpaka watoto wananichungulia mlangoni na kucheka. Kaka Seif naye alinikuta siku moja nakuna nazi huku nakusimulia. Akaketi kizingitini, akanitazama, akasema, "Mwanaidi, si umwandikie tu? Ukishamwandikia huenda ukatulia." Basi nakuandikia. Najua hakuna wa kuipeleka barua hii huko uliko, na wengine wataisoma kabla yako. Waisome. Waliokujua watakuona humu ndani, na wasiokujua wamjue mwanamke wa Kirufiji aliyevua kwa ndoana maisha yake yote na hakuwahi kumiliki hata mtumbwi.

Nina habari mbaya, mama. Samaki wa Nyamkele wamekufa.

Lakini niache kwanza nikuone kama ulivyokuwa, maana nikianza na samaki nitalia na barua haitaandikika.

Nakuona baada ya sala ya alfajiri, umejifunga kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, unachimba chambo pale kwenye tope nyuma ya nyumba, mahali tulipokuwa tukimwaga maji ya kuoshea vyombo. Mwanzi wako unauchomoa kwenye makuti ya paa la jiko. Mshipi wake ulikuwa na kiboya cha gunzi la muhindi lililokauka, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kulichagua gunzi. Nilikuwa naringa nalo shuleni, nawaambia wenzangu kwamba samaki wa mama yangu wanakamatwa na gunzi langu. Mimi na Seif tulikufuata nyuma kwenye njia ya mashamba ya mihogo, umande unatulowesha miguu, wewe mbele huongei. Ulikuwa huongei kabisa mpaka uyaone maji. Ukishayaona tu, ulimi unafunguka kama mtu aliyefika kwao.

Kijito chenyewe hakikuwa kikubwa, na asiyekijua angekiona ni mfereji wa tope uliojificha kwenye mikoko. Kwetu sisi kilikuwa ndiyo duka na ndiyo ghala. Maji matamu yalishuka kutoka bara, maji ya chumvi yakapanda kutoka baharini wakati wa kujaa, na pale yalipokutana ndipo wewe ulipokaa, juu ya gogo la mtondoo lililoanguka. Perege walikuwa wengi, na kambale. Mara mojamoja ulinasa mkizi aliyepotea njia kutoka kwenye chumvi, na huyo ulimwita mgeni. "Karibu mgeni," ulimwambia huku unamtoa ndoana taratibu, "umekuja kutusalimia." Seif alicheka mpaka akadumbukia majini, unakumbuka?

Na ng'ambo ya pili alikaa Bi Tatu. Wasomaji wangu, Bi Tatu ni shoga wa mama tangu walipochezwa ngoma ya unyago pamoja, na kila mmoja alikuwa na ukingo wake wa kijito, hakuna aliyevuka kwenda upande wa mwenzake. Mlikuwa mkitupiana maneno juu ya maji, sisi watoto tunasikiliza.

"Tatu, umelala huko?"

"Nimelala shoga, samaki ndio wanaoniamsha!"

"Basi waambie wapite na huku."

"Nimewaambia, wanasema kwa Zena kuna harufu ya uvivu."

Kisha mnacheka nyote wawili, na wewe ukicheka ulikuwa unaziba mdomo kwa ncha ya kanga, kama vile samaki wangekimbia.

Zilikuwapo pia siku ulizorudi na kikapu kitupu. Tulikuuliza, "Mama, wako wapi?" Ukajibu, "Leo wamesafiri." Mimi na Seif tulilala tukiwawaza samaki wamebeba mabegi yao, wanakwenda Mafia kuwatembelea ndugu zao. Sikuwahi kufikiria zaidi ya hapo. Mtoto akishapewa jibu zuri, haulizi tena.

Na ipo siku ile ya perege wa Seif. Alimkuta anaelea kando ya mizizi ya mkoko, mkubwa, mnene, akamkimbiza kwako kamkumbatia kifuani. Ulimpokea, ukamfunua matamvua kwa kidole gumba, ukayatazama, halafu ukamrusha mbali kwenye mikoko. Seif akaangua kilio. Ukamshika bega, ukamwambia, "Huyo hukumwona akihema, baba. Hujui kilichomuua. Sisi tunakula tuliyemtoa majini akiwa hai." Mchana ule tulikula ugali wa muhogo kwa chumvi na pilipili, na Seif alinuna mpaka magharibi. Lakini tangu siku hiyo hajawahi kuokota samaki, wala mimi.

Mama, ulipotutoka tulikuwa tumeshahamia Kibiti mjini, kila mtu na lake. Mimi nashona nguo kwenye baraza la nyumba niliyopanga, Seif anaendesha bodaboda. Tulipomaliza arobaini yako hatukujua tufanye nini na Jumamosi. Ilikuwa siku yako ya kutungoja na mchuzi wa nazi, nayo ikaja tu, ikakaa mbele yetu tupu. Ndipo Seif alipokuja asubuhi moja na mianzi miwili kaifunga kwenye pikipiki, akapiga honi. Sikumuuliza tunakwenda wapi. Tangu hapo imekuwa ndiyo desturi yetu: Jumamosi ikituruhusu tunashuka Nyamkele, tunakaa kwenye gogo lako, tunavua kidogo, tunagombana kidogo, tunakutaja sana. Bi Tatu naye bado alikuwa akija ng'ambo, mgongo umepinda, mwanzi wake mrefu kuliko yeye. Alikuwa akipaza sauti, "Watoto wa Zena, mmelala huko?" Nasi tunajibu ulivyokuwa ukijibu wewe.

Sasa sikiliza ilivyokuwa.

Jua lilikuwa limetuchoma muda mrefu mwaka huu, kijito kimepungua mpaka ukingo umepasuka. Kisha mvua ya kwanza ikaja kwa fujo, ikapiga tangu magharibi hadi karibu na alfajiri, na kulipokucha ilikuwa Jumamosi. Seif akasema maji mapya yakishuka samaki hula sana, twende. Tukaenda, njia yote tope, mimi nyuma yake nimeshika mianzi.

Harufu ndiyo iliyotupokea. Seif akazima pikipiki kabla hatujafika, tukashuka kwa miguu, na mimi nilianza kuona ajabu kwamba hakuna mlio wowote majini. Unajua Nyamkele asubuhi inavyokuwa, chubwi huku, chubwi kule. Kulikuwa kimya. Nilipoyaona maji nilidhani ni povu la mvua, jeupe, limetanda kutoka kwenye gogo mpaka kwenye kona. Nikasogea. Yalikuwa matumbo, mama. Perege kwa perege, wadogo kwa wakubwa, wamelala chali wamebanana, wanasukumwa taratibu na maji. Wageni wako mikizi walikuwamo pia. Na kambale! Yule ambaye ukimtupa uani asubuhi, jioni bado anachezesha mdomo, naye alikuwa kafa, kakwama ukingoni na sharubu zake kwenye tope.

"Seif," nilimwita.

"Usiguse maji," akaniambia. Alikuwa amevua ndala kwa mazoea, akazivaa tena. Alitembea kufuata ukingo kwenda juu, akapotea, akarudi. "Mpaka kule kwenye daraja la magogo ni hivihivi," alisema. Uso wake ulikuwa wa yule mtoto aliyetupiwa perege wake.

Alimpigia simu mwenyekiti wa kitongoji, akampelekea na picha. Mwenyekiti akasema anawaarifu wa wilayani, tusimruhusu mtu kugusa. Lakini habari ya samaki haingoji wilaya. Kabla hatujajua tufanye nini, watu walishaanza kushuka na ndoo, na mabeseni, na viroba. Wengine walikuwa wanaimba. Sikuwashangaa, mama. Korosho hazikuzaa vizuri mwaka huu, na kitoweo kimekuwa cha kutafuta. Mtu anaona samaki wa bure wametandazwa mbele yake, utamwambia nini?

Seif alisimama katikati ya njia kanyoosha mikono. "Jamani, hatujui kimewaua nini! Huenda ni sumu!"

"Sumu ya nani? Ni mvua hiyo, maji machafu yamewaziba pumzi," mzee mmoja akamjibu.

"Basi tungoje waje wapime."

"Wakija wameoza. Utatulisha wewe?"

Wapo waliosimama, wakamsikiliza, wakageuka na ndoo zao. Wapo waliompita. Na katika waliompita, wa kwanza kuingia majini alikuwa Bi Tatu. Ndiyo, mama. Shoga yako. Alikuja na tenga kubwa na wakwe zake wawili, akakunja kanga, akaanza kuokota, anachagua wakubwa.

Nikamfuata. "Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba, mwanangu. Njoo unisaidie, mgongo unaniua."

"Bi Tatu, hawa hatuwajui walivyokufa."

Hakuinua kichwa. "Maiti ya samaki ni halali. Hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua."

"Ni halali, sikatai. Lakini kama wamekufa kwa dawa?"

Hapo akasimama, akanitazama, na macho yake yalikuwa mekundu. "Mwanaidi, kesho ni harusi ya Rehema. Wageni wanatoka Mbwara, wanatoka Nyamwage, wengine wameshapanda magari. Kuku wangu wamekufa na kideri wote, nimebaki na mchele na nazi. Usiku nimesali nikamwomba Mungu anisitiri. Asubuhi nakuta hivi. Unataka nimwambie Mungu sikutaka?"

Rehema ni mjukuu aliyemlea tangu ananyonya, wewe unamjua, ulimfunga hirizi ya kwanza. Aliendelea kuokota, tenga likajaa, wakwe wakalibeba, wakaondoka. Akanigeukia mara moja tu na kusema, "Mama yako angekuwapo angenisaidia kubeba." Maneno yale yalinichoma kuliko jua.

Seif aliniambia, "Mwache, hatasikia." Mimi nikaona siwezi kumwacha. Nikamkabidhi mwanzi, nikamfuata Bi Tatu hadi kwake.

Nilimkuta jikoni. Wakwe walikuwa nje wanaparua magamba, yeye kainjika kikaango, mafuta yanachemka, kaweka perege wa kuonja. Jiko lilelile, mama, lenye moshi uleule. Nilikaa kwenye kigoda ulichokuwa ukikaa wewe ukija kumsalimia. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa nimechoka kubishana na mtu mzima aliyenibeba mgongoni. Nikasema tu, "Bi Tatu, huyo unayemkaanga nipe mimi. Nitakula wa kwanza. Nikikaa mpaka adhuhuri sina neno, wape wageni wako."

Akacheka kidogo. "Una njaa."

"Nina njaa."

Akamgeuza yule samaki. Akamgeuza tena. Akamwepua, akamweka kwenye sahani ya bati, akamkamulia ndimu, akanisogezea. Tulikuwa tunatazamana. Nikasema bismillahi, nikanyoosha mkono, nikamega kipande cha mgongoni. Kilikuwa cha moto, kilinukia kama samaki wote wa utoto wangu. Utaniuliza kama kweli ningekula. Mpaka leo sijui. Najua mkono ulikuwa umeshapanda, na nilikuwa nawaza watoto wangu kule Kibiti, nani atawashonea nguo za shule.

Bi Tatu alipiga mkono wangu kwa mwiko. Sahani ikaruka, samaki akaanguka majivuni. "Mtoto wa Zena afie jikoni kwangu?" alipiga kelele mpaka wakwe wakaingia mbio. "Nitamwambia nini Zena? Nitamwambia nini?"

Kisha akakaa chini, palepale kwenye majivu, akalia kama mtoto. Nikakaa naye. Wakwe wakatoka polepole, wakaviacha visu.

Alipotulia alianza kuongea juu yako. Sikumwuliza, alianza mwenyewe. Alisema, "Unajua mama yako siku nyingine alikuwa anakaa pale kwenye gogo na hatupi ndoana?" Nikasema sijui. Akasema, "Alipofiwa na baba yenu alikuwa anakuja, anaweka mwanzi chini, anakaa. Mimi ng'ambo namwona. Analia mpaka anamaliza, ananawa uso kwa maji ya kijito, anarudi nyumbani. Nilikuwa nataka kuvuka nimshike. Siku moja nilivuka, maji yakanifika kifuani. Akaniambia, 'Tatu, rudi kwenu. Nikiwa na mtu hapa nitaona haya kulia, na nyumbani siwezi, watoto wataniona.' Basi nikawa nakaa upande wangu tu. Nikimwona hatupi ndoana, na mimi situpi. Tunakaa hivyo wawili, mpaka anyanyuke."

Mama. Kumbe samaki hawakuwa wamesafiri.

Nimekuwa mtu mzima, nimezaa, nimezika, na sikuwahi kujua. Nilikuwa nadhani wewe hulii kabisa. Nilikuwa nawaambia watu, mama yangu alikuwa mgumu, alimzika mume Alhamisi, Jumamosi akaenda kuvua, njaa ya watoto haikungoja eda. Niliyasema kwa kujisifu, kama mtu anayesifia mbao nzuri. Sasa nakuona pale kwenye gogo mwenye umri mdogo kuliko nilionao leo, unanawa uso haraka, unajaribu kicheko kabla hujafika nyumbani. Na ng'ambo yupo mwanamke mwingine, mwanzi wake umelala majanini, naye nyumbani kwake hawana kitoweo, anakungoja unyanyuke.

Tulinyanyuka sisi wenyewe baadaye, tukatoka uani. Bi Tatu aliwaambia wakwe zake, "Chimbeni shimo nyuma ya mihogo. Kina kirefu, mbwa wasifukue." Hawakumbishia. Tuliwamwaga wote, na magamba yao, na yule wa majivuni. Seif alikuja akasaidia kufukia, kisha akarudi kijitoni kuwaambia wengine kwamba Bi Tatu kazika wake. Hapo ndipo wengi waliposikia. Ambao hawakumsikia kijana wa bodaboda walimsikia bibi mwenye harusi kesho.

Na harusi ikafanyika. Nilipita nyumba kwa nyumba na kanga yangu begani, nikisema, "Bi Tatu kazika kitoweo chake kwa ajili yetu sote." Walileta kuku mmojammoja, wamefungwa miguu. Walileta kunde, walileta kisamvu kilichotwangwa tayari, na yule mzee aliyetubishia njiani alileta jogoo wake mwenye kelele, akamkabidhi bila kunitazama usoni. Wageni wa Mbwara walikula wakashiba. Rehema alipotolewa nje na mumewe, Bi Tatu alipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika, akaniangukia begani.

Mama, wewe ulitukataza kuongeza chumvi kwenye habari, kwa hiyo nitakwambia na hili. Wapo waliokula samaki wale, na sikusikia aliyekufa. Kunguru walishuka ukingoni wakala mpaka wakashiba, wakaruka wakaenda zao. Mtoto wa jirani mmoja alitapika na kuharisha, mamake akasema ni maembe mabichi. Kwa hiyo sijui kama tuliokoa mtu au tulifukia kitoweo kizuri. Seif anasema yote mawili yanawezekana, na kwamba tungefanya hivyohivyo tena. Mimi nakubaliana naye, ingawa kuna siku namwona Bi Tatu anapita kwenye lile kaburi la samaki nyuma ya mihogo, na moyo unanisuta kidogo.

Wa wilayani walikuja, vijana wawili wapole wenye buti za mpira. Walichota maji kwenye chupa, wakaweka samaki wachache kwenye sanduku la barafu, wakauliza maswali, wakaondoka. Mwenyekiti kafuatilia mpaka kachoka. Aliambiwa kwanza vipimo bado, kisha akaambiwa hakikuonekana kitu cha kutaja. Watu wanasema yao. Wengine wanasema ni dawa ya kupulizia ufuta, mvua imeikokota kutoka mashamba ya juu. Wengine wanasema ni dawa ya kuogeshea ng'ombe. Wengine wanasema kuna mtu katwanga utupa akaumwaga majini ili avue kirahisi, kisha akaogopa. Walitaka kubeba marungu wamfuate mkulima mmoja mgeni huko juu, eti ndiye. Bi Tatu akawauliza, "Nani kamwona?" Wakanyamaza. "Basi kaeni chini." Wakakaa. Nilijua sauti ile kaitoa wapi.

Mwezi uliopita Bi Tatu aliniomba nimpeleke kwako. Seif alimbeba kwenye pikipiki taratibu kama anabeba mayai, mimi nikafuata na nyingine. Hakuwahi kuja makaburini tangu tulipokuzika, alisema miguu haikumpa ruhusa. Tuling'oa majani, tukakusomea Fatiha. Kisha akakaa chini kando yako, upande wa kulia, karibu kabisa, akaweka kiganja kwenye udongo. "Shoga," akasema, "leo nimevuka." Seif akaondoka akaenda kusimama mbali, akajifanya anaangalia mnyororo wa pikipiki.

Tangu siku ile ya mvua sisi watu wa Nyamkele hatujatupa ndoana. Hakuna aliyetukataza. Jumamosi zikifika nashona, cherehani inapiga kelele, na ninasikia kama nimefiwa mara ya pili. Nilikuwa nadhani kijito kile ni mahali pa kukukumbukia tu. Kumbe ndipo nilipokuwa nakuja kukusikia. Nikikaa kwenye gogo, sauti yako ilikuwa inatoka mahali fulani kati ya maji na mikoko, inamwita Tatu, inamkaribisha mgeni. Na maji yakinyamaza, nami nimenyamaziwa. Niliogopa, mama. Niliogopa nitaanza kukusahau kidogokidogo, kwanza sauti, halafu mikono.

Jana mchana nilikuwa jikoni, chungu kiko motoni, simu ikalia. Ni Seif. Alikuwa kampeleka abiria upande wa huko, akaona ashuke kuangalia.

"Mwanaidi, nyamaza usikilize," akaniambia.

"Nisikilize nini?"

"Nyamaza kwanza."

Nikawanyamazisha watoto. Nikabandika simu sikioni. Niliusikia upepo, na pumzi za Seif, na ndege mmoja. Basi. Mchuzi ulianza kuungua, sikuugusa.

"Hamna kitu," nikasema.

"Subiri."

Nikasubiri. Mwanangu mkubwa alinyanyua kifuniko cha chungu, nikamfanyia ishara akirudishe. Kisha, mbali sana, kama kitu kinachotokea ndani ya ndoto ya mtu mwingine, nikasikia: chubwi.

Tulikaa vile na simu zetu, yeye huko kwenye ukingo na mimi hapa kwenye moshi, mpaka ikaja nyingine. Chubwi. Ndogo, ya samaki asiyezidi kidole.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia, kaka."

Pumzika, mama yangu. Mwenyezi Mungu akupe nafasi yenye maji karibu. Sisi huku hatutatupa ndoana bado. Tutawaacha wakue.

Kitindamimba wako,
Mwanaidi